Mkemia wa fuwele zenye matundu: kazi yenyewe ni ipi, na mtu wa Mwanza aianzie wapi?

Swali la msomaji, Igoma, Mwanza:

"Shikamoo Daktari. Nimemaliza kidato cha sita tahasusi ya PCB, nasubiri matokeo. Nilisikia redioni kwamba Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 walipewa watu waliotengeneza fuwele zenye matundu zinazonasa gesi, na hata maji kutoka hewani. Tangu siku hiyo nasoma kila ninachokipata kuhusu jambo hilo. Baba yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba. Anataka nisome famasia hapo Bugando, anasema kemia peke yake haina ajira. Naomba unieleze mkemia wa namna hii anafanya nini hasa siku hadi siku, anasomea nini, na kama mtu wa Mwanza anaweza kuishi kwa kazi hiyo."

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mzee wako, maana ndilo zito. Hajakosea. Ukifungua matangazo ya ajira hapa Tanzania hutakuta anayetafuta mbunifu wa fuwele zenye matundu. Duniani kote wanaoifanya kazi hiyo wako zaidi vyuo vikuu, kwenye taasisi za utafiti na kwenye kampuni chache za kemikali. Lakini chini ya kazi hiyo kuna ujuzi ambao unatafutwa hapa hapa Kanda ya Ziwa: kutengeneza kitu, kukisafisha, kukipima, na kuthibitisha kwa namba kwamba ndicho ulichokikusudia. Mtu mwenye ujuzi huo halali njaa. Kwa hiyo ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: jijenge kwanza uwe mkemia anayejua kupima, halafu fuwele ziwe utaalamu utakaoupanda juu ya msingi huo. Anayeanza na fuwele bila msingi hukwama mapema, na mara nyingi hukwamia mbali na nyumbani.

Sasa tuzungumzie vitu vyenyewe, tuanze na unachokijua. Mitambo ya kuchenjua dhahabu iliyoenea Mwanza na Geita hutumia kaboni, zile punje nyeusi ambazo mara nyingi hutokana na vifuu vya nazi. Maji yenye dhahabu iliyoyeyushwa yakipita katikati ya punje hizo, dhahabu hunasa ndani, kisha hutolewa kwa hatua nyingine. Kinachoipa kaboni nguvu hiyo ni matundu yake madogo mno. Gramu moja ya kaboni nzuri ina eneo la ndani la takribani mita za mraba 1,000. Ila matundu yake hayana mpangilio: moja pana, jingine jembamba, jingine limeishia njiani. Huwezi kusema tundu la kaboni lina upana gani; unachoweza kutoa ni wastani tu.

Zeolaiti zina mpangilio. Hizi ni fuwele za silikoni, alumini na oksijeni, na binadamu anazifahamu tangu mwaka 1756, Axel Cronstedt wa Sweden alipopasha moto jiwe fulani likatoa mvuke mwingi wa maji yaliyokuwa yamejificha ndani yake. Zile mashine za oksijeni zinazowekwa kando ya kitanda cha mgonjwa zina zeolaiti ndani. Hewa ya kawaida huingia, zeolaiti hushika naitrojeni, na kinachotoka ni hewa yenye oksijeni ya asilimia 90 na ushee. Ni kitu cha ajabu na kinaokoa maisha kila siku. Tatizo la zeolaiti ni kwamba hazikupi uhuru mkubwa wa kuchagua: umbo la tundu lake huwezi kulibadilisha upendavyo.

Hapo ndipo wanapoingia watu wa Nobel. Fuwele walizozibuni, ambazo kwa kifupi dunia nzima inaziita MOF (kwa Kiingereza metal-organic frameworks), zina sehemu mbili. Ioni za metali ndizo mafundo, na molekuli ndefu zenye kaboni ndizo fito. Ukiitazama nyumba ya miti kabla haijakandikwa udongo, fito zimepita huku na huku, zimefungwa penye mafundo, na katikati kuna nafasi tupu, umeshaliona umbo la MOF. Ukirefusha fito na kuacha mafundo yaleyale, nafasi inapanuka. Ukichagua fito zenye kundi la atomu linalopenda hewa ya ukaa, nafasi hiyo itaishika hewa ya ukaa na kuziachia gesi nyingine. Hapa neno "kubuni" lina maana yake kamili, kwa sababu unachora kwanza, kisha unatengeneza ulichochora.

Vipimo vyake ni vidogo kuliko akili inavyozoea. Molekuli ya naitrojeni ina upana wa nanomita 0.36 hivi, ya hewa ya ukaa 0.33, ya methani 0.38, na ya maji 0.27. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kazi yetu nzima inafanyika ndani ya tofauti hizo ndogo.

Historia yake nakusimulia kwa sababu itakusaidia kujipima uvumilivu. Mwaka 1974, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne alikuwa anaandaa mipira ya mbao ya kuwafundishia wanafunzi maumbo ya molekuli. Karakana ilitakiwa kuitoboa mipira hiyo ili vijiti vichomekwe, na yeye ndiye aliyepaswa kuonyesha matundu yakae wapi. Akaona kwamba mahali pa tundu peke yake panatosha kuamua umbo zima litakalotokea. Je, atomu halisi zikipewa "matundu" yaliyokaa vizuri, hazitajipanga zenyewe? Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla hajalijaribu wazo hilo, na chapisho lake lilitoka mwaka 1989: ioni za shaba na molekuli yenye mikono minne zilijipanga kwa utaratibu uleule wa atomu za almasi, ila kukiwa na nafasi kubwa katikati. Fuwele zake zilikuwa dhaifu, na wengi waliziona hazina kazi.

Susumu Kitagawa wa Japani aliomba fedha za utafiti akakataliwa, kwa sababu wafadhili hawakuona faida ya vitu vyake kuliko zeolaiti. Mwaka 1997 kundi lake likaonyesha fuwele ambayo methani, naitrojeni na oksijeni ziliingia na kutoka bila umbo lake kuharibika. Baadaye akaeleza fuwele zinazonyumbulika, kitu ambacho zeolaiti haziwezi.

Wa tatu, Omar Yaghi, ndiye ningependa baba yako amsikie. Alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Waliishi wengi katika chumba kimoja, bila umeme, na mifugo ikiwa humohumo. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi aliingia maktaba ya shule, akakuta kitabu chenye michoro ya molekuli, akaipenda kabla hata hajajua ni nini. Alipofika miaka 15 baba yake akampeleka Marekani kusoma. Alianzia chuo kidogo cha jamii mjini Troy, jimbo la New York, huku akipanga bidhaa za wateja kwenye mifuko dukani na kupiga deki ili ajikimu. Shahada ya uzamivu aliipata Illinois mwaka 1990. Mwaka 1995 ndipo alipozipa fuwele hizi jina linalotumika mpaka leo, na mwaka 1999 akatoa MOF-5, ya zinki na asidi ya tereftaliki, iliyostahimili joto la nyuzi 300 za Selsiasi ikiwa tupu ndani. Gramu chache za MOF-5 zina eneo la ndani linalolingana na uwanja wa mpira. Kundi lake liliendelea kutengeneza aina 16 za MOF-5 kwa kubadilisha fito tu. Leo yuko Berkeley, California.

Hesabu mwenyewe: tangu mipira ya mbao mpaka Nobel, miaka 51.

Umeuliza siku hadi siku mkemia huyu anafanya nini. Watu hudhani anakaa anachora maumbo mazuri kwenye kompyuta. Anachora kidogo tu. Sehemu kubwa ya siku anaosha.

Nakueleza hatua kwa hatua. Unayeyusha chumvi ya metali na fito zako katika kiyeyushi, unaviweka kwenye chupa iliyofungwa vizuri, unaiacha kwenye oveni ya maabara, tuseme nyuzi 100, kwa saa kadhaa au siku kadhaa. Ukibahatika utakuta unga au fuwele zinazometa chini ya chupa. Usishangilie bado. Matundu yamejaa kiyeyushi na mabaki ya vitu ambavyo havikuungana. Unaosha, unasubiri, unamwaga, unaosha tena, unabadilisha kiyeyushi kizito kwa chepesi kinachokauka upesi. Kisha unapasha moto ndani ya ombwe ili kila kilichomo kitoke. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoua fuwele nyingi: zikibaki tupu, kuta zinaanguka, na unga wako unabaki na rangi ileile lakini hauna kitu ndani. Kwa macho huwezi kuona tofauti yoyote.

Ndiyo maana tunapima, na vipimo viwili ndivyo nguzo. Cha kwanza ni eksirei. Unaupiga unga kwa miali ya eksirei, miali hiyo inatawanyika kwa pembe fulani fulani, na pembe hizo zinakuambia atomu zimepangana vipi. Elimu hiyo waliianzisha William Henry Bragg na mwanawe Lawrence, wakapewa Nobel pamoja mwaka 1915, mtoto akiwa na miaka 25 tu. Ukipata fuwele moja kubwa ya kutosha, unaweza kujua mahali pa kila atomu. Kipimo cha pili ni cha eneo la ndani. Unaingiza naitrojeni kidogo kidogo kwenye unga uliopozwa mpaka nyuzi 196 chini ya sifuri, na unahesabu kiasi kilichoingia. Kanuni ya kuigeuza hesabu hiyo kuwa mita za mraba ilitolewa mwaka 1938 na Brunauer, Emmett na Teller.

Kupoza kiasi hicho kunataka naitrojeni ya kimiminika. Ukisikia hivyo utadhani ni kitu cha Ulaya. Hapana: waulize wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Mbegu za madume wanazozisambaza kwa wafugaji hutunzwa ndani ya mitungi ya naitrojeni hiyohiyo. Kwa hiyo si kila kilicho kigumu kwetu ni kigumu kwa sababu hakipatikani. Mara nyingine kipo kwa jirani wa fani nyingine, na unatakiwa kumjua. Kilicho adimu kweli ni mashine zenyewe. Bara zima la Afrika halina hata mtambo mmoja wa mwanga wa sinkrotroni, ule unaotoa eksirei kali mno kwa ajili ya fuwele ndogo au ngumu kusoma. Ulio jirani nasi ni SESAME, uliofunguliwa Jordan mwaka 2017. Mtafiti wa kwetu huzoea kutuma sampuli nje na kusubiri. Nakuambia mapema ili ukifika huko usidhani umeonewa peke yako.

Kuna jambo nataka ulishike, maana hata wasomi hulipotea. Magazeti hupenda rekodi. Mwaka 2012 watu wa Northwestern, Marekani, walitangaza MOF yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 7,000 kwa gramu. Sifa wanastahili. Lakini mimi nikipewa MOF mpya, swali langu la kwanza huwa ni hili: ikiachwa mezani wakati wa masika, kesho itakuwa hai? Hewa ya Mwanza imejaa unyevu wa ziwa. MOF-5 yenyewe, pamoja na heshima yake yote, huharibika kwenye hewa yenye unyevu. Wanasayansi wa Oslo walipotoa UiO-66 mwaka 2008, yenye mafundo ya zirkoni, jambo kubwa halikuwa ukubwa wa matundu. Lilikuwa kwamba maji hayaibomoi. Na CALF-20, iliyobuniwa Calgary, Kanada, kwa zinki, haina eneo la kutisha hata kidogo. Imefika kwenye majaribio ya kunasa hewa ya ukaa katika kiwanda cha saruji kwa sababu inavumilia mvuke na inaweza kutengenezwa kwa wingi. Mbunifu mzuri hubuni kitu kitakachoishi mahali kitakapotumika.

Na hilo linanileta kwetu. Habari ya kuvuna maji hewani imewavutia wengi, na ni ya kweli: Yaghi na wenzake walifanya hivyo katika jangwa la Arizona, usiku fuwele zikinyonya unyevu, mchana jua likiutoa kama maji ya kunywa. Lakini mtu wa Igoma hahitaji kuyatafuta maji angani. Ziwa lenye kilomita za mraba 68,000 na zaidi liko mlangoni. Shida yetu ni kuyasafisha na kuyapandisha vilimani. Ukichagua tatizo kwa sababu limevuma redioni, utafanya kazi ya mtu mwingine. Tazama yaliyo karibu.

La kwanza ni floraidi. Maji ya ziwa hayana shida hiyo, ila visima vingi vya Shinyanga, Mara, Singida, Manyara na Arusha vinayo. Umewaona watu wenye meno ya kahawia. Wengine mifupa yao hupinda kabisa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Sasa kuna MOF inayoitwa alumini fumareti. Inatengenezwa ndani ya maji, bila kiyeyushi chenye sumu, kutokana na alumini salfeti, ambayo ni ndugu wa lile jiwe la shabu ambalo watu hutumbukiza kwenye ndoo kutuliza tope, pamoja na asidi ya fumariki, ambayo hutiwa hata kwenye vyakula. Mwaka 2016 watafiti wa India na Ujerumani walionyesha kwamba inashika floraidi kwa wingi. Nilipoisoma kazi hiyo nilifurahi sana, kwa sababu malighafi zake si za kigeni kwetu.

Lakini furaha si jibu. Kuna njia ya zamani, mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Ni rahisi na mtu wa kijijini anauelewa. Kwa hiyo ukija na MOF yako, maswali ni haya: lita moja iliyosafishwa inagharimu kiasi gani ukilinganisha na mkaa wa mifupa? Ikijaa, inaoshwaje irudie kazi? Alumini haivuji kuingia kwenye maji ya kunywa? Unga mwembamba namna ile utauweka kwenye chombo gani ili maji yapite bila kuusomba? Maswali hayo manne yanatosha shahada ya uzamili nzima, na mtu akiyajibu vizuri atakuwa amefanya jambo kubwa kwa Kanda ya Ziwa kuliko rekodi yoyote ya mita za mraba.

La pili liko ufukweni: chupa za plastiki. Plastiki ya chupa za maji na soda imeundwa kwa asidi ya tereftaliki, ndiyo ileile fito ya MOF-5 na ya UiO-66. Ukiichemsha na kostiki, ile wanayoitumia watengeneza sabuni, kisha ukaongeza asidi, unapata unga mweupe wa tereftaliki. Kihesabu, kilo moja ya plastiki hiyo haiwezi kutoa zaidi ya gramu 860 hivi za asidi. Ukichukua kalamu ukahesabu uzito wa molekuli utaona namba hiyo inatokea wapi, na ningependa uihesabu. Watafiti wa nchi mbalimbali wameshatengeneza MOF kwa njia hii. Haitamaliza taka za ziwa, maana taka ni nyingi mno na MOF inahitaji kidogo, ila inapunguza gharama ya fito kwa maabara isiyo na fedha. Tafadhali usijaribu jikoni. Kostiki ya moto inaunguza ngozi na macho kuliko maji yanayochemka.

Kuhusu zebaki ya wachimbaji wadogo wa Geita, wapo wanaobuni MOF zenye salfa za kuinasa. Mimi naona msaada wa haraka pale ni vifaa vya kuzuia moshi wakati wa kuchoma, na kuachana na zebaki kabisa. Si kila tatizo linataka fuwele.

Sasa masomo. PCB inatosha kuingia shahada ya kwanza ya kemia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Dodoma kwa mfano, ila hesabu yako ya BAM usiitupe. Fuwele ni jiometria na ulinganifu, na mwanafunzi wa PCB huumia hapo kuliko wa PCM. Miaka mitatu ya kwanza jali zaidi kemia ya uchambuzi na kemia isiyo ya kaboni, na usikose saa hata moja ya maabara. Usihitimu bila kujua kuendesha mashine kwa mikono yako mwenyewe. Wengi huhitimu wakiwa wameziona tu kwa nyuma ya bega la mwenzao. Fedha: omba mkopo wa Bodi, na ikiwa ufaulu wako ni wa juu sana, fuatilia ufadhili wa Samia kwa wanafunzi wa sayansi.

Baada ya hapo, uzamili na uzamivu. Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha inafundisha ngazi hizo na imejikita katika maji na malighafi. Hapo ndipo alipofanyia kazi Dkt. Askwar Hilonga, aliyeshinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio la maji linalochanganya mchanga na vitu vya ukubwa wa nanomita. Kwa MOF zenyewe, barani Afrika tazama Cape Town na Stellenbosch, ambako elimu ya fuwele ina mizizi mirefu, na Midlands State University ya Gweru, Zimbabwe, ambako Gift Mehlana anatafiti MOF za kugeuza hewa ya ukaa. Naitaja Gweru makusudi. Si jiji kubwa, na kazi inafanyika.

Mpaka hapo ni miaka minane au kumi tangu leo. Sikufichi.

Katikati ya miaka hiyo utakula nini? Shahada ya kwanza ya kemia yenye ujuzi wa kupima inakupeleka Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo Mwanza ni makao ya Kanda ya Ziwa; Shirika la Viwango; maabara za mamlaka za maji; maabara za kupima dhahabu; viwanda vya samaki, ambavyo haviwezi kusafirisha minofu ya sangara nje bila vipimo; na ualimu. Nafasi ni za kushindania, sisemi zinakungoja mlangoni. Lakini fundi wa vipimo ana milango mingi kuliko mtu mwenye cheti kitupu, hilo nimeliona tena na tena.

Famasia nayo si adui wa ndoto yako. Ni fani nzuri na inalisha. Kuna kundi zima la watafiti wanaobeba dawa ndani ya MOF za chuma ili zitoke polepole mwilini, na wafamasia wamo humo. Ukipangiwa famasia Bugando, soma kwa moyo, chagua mradi wa mwaka wa mwisho unaohusu fuwele za dawa, na uzamili wako unaweza kurudi huku. Ila usiichague ili kumridhisha mzee tu huku moyo uko kwingine; miaka minne ni mirefu.

Kabla matokeo hayajatoka una wiki za kutumia. Tafuta kompyuta ya kuazima, pakua programu ya Mercury inayotolewa bure na kituo cha Cambridge kinachohifadhi maumbo ya fuwele zaidi ya milioni moja, na ufungue MOF-5, HKUST-1, UiO-66 na ZIF-8. Zizungushe. Pima umbali kutoka fundo moja hadi jingine. Jiulize molekuli ya maji itapita wapi, ya methani itakwama wapi. Ukikaa saa mbili bila kuona muda unakwenda, umejijibu mwenyewe swali ambalo mimi siwezi kukujibia. Ukichoka baada ya dakika kumi, nalo ni jibu, na halina aibu yoyote.

Kuhusu mzee, usibishane naye kwa habari za Nobel. Mwombe mwende pamoja siku moja Ofisi ya Mkemia Mkuu hapo mjini, muulize mapokezi kwa heshima: vijana wanaofanya kazi maabara humu walisomea nini, na walipohitimu walikaa muda gani kabla ya kuajiriwa? Akisikia jibu kutoka kwao atalipima kwa namna yake, kama anavyopima bei ya gunia la dagaa kila asubuhi, na nyinyi wawili mtakuwa mnazungumzia jambo mlilolisikia kwa masikio yenu kabla hujajaza fomu za chuo.